Hati Mkononi mwa Antony: Ushawishi na Uamuzi wa Umma katika Juliasi Kaizari

Tamthilia ya Shakespeare juu ya kuuawa kwa Julius Caesar iliingia katika Kiswahili mwaka 1963, ilipochapwa na Oxford University Press. Mfasiri alikuwa Mwalimu Julius Nyerere, ambaye wakati huo alikuwa tayari Rais wa nchi. Mwaka 1969 tafsiri hiyo ilitoka upya kwa jina la Juliasi Kaizari. Vizazi vya wanafunzi vimeisoma, na sisi wakufunzi wa siasa tumeitumia kila tulipotaka kueleza jinsi hotuba inavyoweza kugeuza umati.

Usomaji uliozoeleka madarasani ni huu. Brutus alisema na akili za watu, Antony akasema na mioyo yao, na Antony akashinda. Kwa hiyo kada ajifunze usemi. Tena, husemwa, tamthilia inatufundisha kwamba umma ni bendera inayofuata upepo: asubuhi unamshangilia muuaji, jioni unachoma nyumba yake. Nimewasikia wanachuo wakilirudia somo hilo kwa furaha, hasa wale wanaojiona wana ulimi mwepesi. Makala haya yanapinga usomaji huo. Unawapendeza viongozi na kuwadhalilisha wananchi, na ubaya wake zaidi ni kwamba hautokani na tamthilia yenyewe.

Tuanze usiku, nyumbani kwa Brutus, kabla ya mauaji. Hapo ndipo uamuzi wa kweli ulipofanyika. Waliokula njama wamekutana ili kumwondoa mtu mmoja anayetaka kutawala peke yake. Angalia basi wanavyoendesha kikao chao. Linaletwa pendekezo wale kiapo. Brutus anakataa, na hoja inakufa. Linaletwa la kumshirikisha Cicero, mzee mwenye heshima ambaye jina lake lingewapa kibali mbele ya watu. Cassius analeta hoja, Casca anasema asiachwe, Cinna anaunga mkono, Metellus anaeleza faida zake. Brutus anasema hapana. Papo hapo Casca, yule yule aliyesema asiachwe, anakubali kwamba kweli mtu huyo hafai. Linaletwa la tatu, kwamba Antony auawe pamoja na Kaizari. Brutus anakataa, na Cassius, ambaye ndiye mwenye macho ya kisiasa kuliko wote, anabaki na wasiwasi wake moyoni.

Mambo matatu yamekatwa kwa neno la mtu mmoja, na hakuna kura iliyopigwa. Tukiwacheka raia wa Rumi kwa kugeuka, tumcheke kwanza Casca. Raia walihitaji hotuba mbili, maiti na wosia ili wageuke. Casca, mtu wa tabaka la juu, aligeuka kwa sentensi moja kwa sababu mkubwa wa kikao alikunja uso. Kugeukageuka, basi, si ugonjwa wa watu wasiosoma. Ni ugonjwa wa kikao chochote ambamo hoja hupimwa kwa kumtazama aliyeisema.

Brutus mwenyewe aliingizwaje katika njama? Cassius aliandika barua kwa miandiko mbalimbali, zikatupwa dirishani kwa Brutus kana kwamba zimetoka kwa raia mbalimbali, zote zikidokeza kwamba Rumi inamtazamia. Brutus akazisoma gizani, akaamini kwamba amesikia sauti ya umma. Hakutoka hata mara moja kwenda kuwauliza watu wenyewe. Kada asiipite sehemu hii haraka. Sauti ya wananchi iliyotengenezwa na mtu mwenye haja yake ni hila ya zamani kuliko gazeti na redio, na anayedanganyika nayo kwa urahisi ni kiongozi mwadilifu, maana huyo ndiye anayetaka kuamini kwamba umma umemwita.

Sasa tufike uwanjani. Brutus anapanda jukwaani akiwa na hotuba fupi, safi, yenye mpangilio. Anawaambia watu wamsikilize kwa ajili ya sababu zake. Halafu anauliza kama yuko yeyote miongoni mwao anayependa utumwa, na kama yupo aseme, maana huyo ndiye aliyemkosea. Nani angenyoosha mkono? Swali limefungwa pande zote. Uamuzi ulikwisha kufanyika usiku, damu imekwisha kumwagika, na mkutano umeitwa ili upige makofi. Watu wanapiga makofi. Na katika kushangilia kwao mmoja anapaza sauti kwamba Brutus huyu naye afanywe Kaizari! Ndiyo kusema hawakuelewa hata neno moja la hoja yake. Walichoelewa ni kwamba mkubwa mmoja ameondoka na mwingine amekuja. Brutus hasimami kuwasahihisha. Anaondoka, anawaomba wabaki wamsikilize Antony, na kwa hiari yake anampa mpinzani wake neno la mwisho. Cassius alikuwa amemwonya faraghani. Hakusikilizwa, kama ilivyokuwa kawaida.

Hotuba ya Antony nayo imesifiwa mno hata watu wameacha kuichunguza. Tuichunguze kama tunavyochunguza taarifa yoyote inayoletwa mkutanoni. Anashika vazi la Kaizari lililotoboka, anaonyesha tundu la Cassius, tundu la Casca, tundu la Brutus. Lakini Antony hakuwapo Kaizari alipochomwa. Trebonius alikuwa amemtoa nje kwa makusudi. Hajui tundu lipi ni la nani. Anawatungia watu ushahidi mbele ya maiti, na hakuna anayemwuliza ameyajuaje. Anasema anakumbuka jioni Kaizari alipolivaa vazi hilo kwa mara ya kwanza, siku alipowashinda Wanervii. Ushindi huo katika historia ulikuwa mwaka 57 K.K., na Antony alijiunga na Kaizari huko Gaul miaka kadhaa baadaye. Labda Shakespeare hakuijali tarehe. Hata hivyo kosa hilo limekaa vizuri kinywani mwa msemaji wa namna hii.

Kisha wosia. Antony anaitaja hati hiyo, anaionyesha, anakataa kuisoma. Anasema wakisikia yaliyomo watawaka. Watu wanamsihi, anakataa tena. Anawafanya waombe kile alichokuja kuwapa, hata ionekane kwamba wao ndio wanaomwamrisha yeye. Anashuka jukwaani, anawapanga duara kuizunguka maiti. Wanaanza kukimbia kwenda kuchoma, na hapo yeye mwenyewe anawarudisha: wamesahau wosia! Drakma 75 kwa kila raia, na bustani za Kaizari za kando ya mto Tiber ziwe mali ya watu. Sasa wanaondoka kweli. Katika njia wanamkuta mshairi aitwaye Cinna, jina sawa na la mmoja wa waliokula njama, na ingawa anawaeleza kwamba yeye ni mshairi tu wanamrarua.

Wengi hufunga kitabu hapo wakiwa na somo lao la ufundi wa kusema. Fungua ukurasa unaofuata. Antony, Octavius na Lepidus wamekaa mezani na orodha ya watu wa kuuawa. Lepidus anamtoa ndugu yake, Antony anamtoa mtoto wa dada yake, kama watu wanaobadilishana mbuzi mnadani. Halafu Antony anamtuma Lepidus nyumbani kwa Kaizari akalete ule wosia, ili waangalie jinsi ya kupunguza kinachotakiwa kulipwa.

Mistari hiyo ni michache sana. Mwanachuo asiye makini huiruka, na mimi naiona ndiyo kiini cha tamthilia nzima kwa mtu anayejifunza siasa. Hati iliyosomwa uwanjani ili kuwasha moto sasa inasomwa chumbani ili kupunguza ahadi. Hakuna fundi viatu wala seremala chumbani humo. Watu waliililia hati, wakasomewa, wakaondoka wakikimbia, na hati ikabaki mkononi mwa Antony. Hawakuwa na nakala, hawakumchagua mtu wa kusimamia, hawakupanga siku ya kurudi kuuliza. Udhaifu wao haukuwa katika kuguswa na maneno matamu. Binadamu yeyote huguswa, na Kaizari mwenyewe, pamoja na ukuu wake, alishawishiwa na Decius kwenda Seneti kwa kugeuziwa tu maana ya ndoto ya mkewe. Udhaifu wa raia wa Rumi ni kwamba walishawishiwa wakiwa hawana chombo cha kumfuata aliyewashawishi.

Hapa lazima tumkosoe Shakespeare. Aliandika mwaka 1599, chini ya malkia, katika nchi ambamo mafundi na wakulima hawakuwa na kauli katika mambo ya dola. Katika onyesho la kwanza kabisa anatuonyesha fundi viatu anayewajibu wakubwa kwa mzaha na akili, hata wakubwa wanakasirika. Fundi huyo amekwenda wapi baadaye? Kufikia mazishi raia hawana majina wala kazi, ni namba tu, na baada ya kifo cha Cinna wanatoweka jukwaani moja kwa moja. Mtunzi hawaruhusu warudi kudai drakma zao. Historia iliwaruhusu zaidi kidogo kuliko yeye: Antony aliposhikilia fedha za Kaizari, kijana Octavius aliuza mali yake ili awalipe watu ule urithi, na jambo hilo likamjengea nguvu dhidi ya Antony. Watu walikuwa hawajasahau.

Tena Rumi yenyewe ilijua tofauti ambayo tamthilia inaificha. Ulikuwapo mkutano wa kusikiliza, ulioitwa na mwenye madaraka, ambamo alisema yule tu aliyeruhusiwa naye na hapakuwa na kura. Na ulikuwapo mkutano mwingine wa kupiga kura. Kati ya kutangazwa kwa muswada na kuupigia kura ilipasa zipite siku tatu za soko, na soko lilikuwa kila siku ya nane. Sheria ya mwaka 98 K.K. ilisisitiza muda huo, ikakataza pia kufunga mambo yasiyohusiana katika muswada mmoja. Utaratibu huo ulivunjwa mara nyingi, na tabaka la matajiri liliutawala. Lakini waliouweka walijua kwamba mtu aliyetoka kusikia hotuba anahitaji siku za kurudi nyumbani, kuuza mboga zake, kubishana na jirani na kupoa. Antony aliugeuza mkutano wa kusikiliza kuwa mkutano wa kuamua, na utekelezaji ukaanza kabla watu hawajafika majumbani.

Mfasiri wa tamthilia hii aliijua hatari ya Brutus kama alivyoijua ya Antony. Katika Ujamaa Vijijini, mwaka 1967, alisisitiza kwamba watu hawawezi kulazimishwa kuingia katika kijiji cha ujamaa. Katika Uhuru na Maendeleo, mwaka 1968, alieleza kwamba kazi ya kiongozi ni kueleza na kushawishi, na kwamba watu wana haki ya kukataa. Novemba 1973 ikatolewa amri kwamba kuishi vijijini ni lazima, na mpaka mwaka 1977 watu zaidi ya milioni 13 walihesabiwa kuwa wamo vijijini. Mahali pengine walihama kwa hiari, mahali pengine nyumba zilibomolewa. Chama chetu hakina sababu ya kulizungumza jambo hili kwa kunong'ona. Mikutano iliitwa, hotuba zilitolewa, makofi yalipigwa, lakini uamuzi ulikuwa umekwisha kufanyika mahali pengine, na swali lililoulizwa lilikuwa na jibu moja. Tukisema Brutus alikosea uwanjani, hatuwezi kusema hapa kwetu utaratibu wa namna hiyo ulikuwa sahihi kwa kuwa nia ilikuwa njema. Nia ya Brutus pia ilikuwa njema.

Na Antony? Miaka ya 2000, kampuni za kilimo cha mibono zilipotafuta ardhi katika mikoa ya Pwani na Lindi, shule, zahanati na visima viliahidiwa kwa mdomo mikutanoni. Wananchi walikubali, ardhi ikatoka, mashamba mengine yakafa baada ya muda mfupi, na waliokwenda kudai kisima waliulizwa kimeandikwa wapi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilikuwa tayari ipo. Inasema Halmashauri ya Kijiji isigawe ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kwa hiyo idhini ilitafutwa, na mara nyingi ilipatikana kwa njia ya Antony: mgeni, pikipiki, hotuba, ahadi, wanaokubali waseme ndiyo.

Kwa hiyo nikiombwa kuifundisha tamthilia hii kwa makada wa matawi, siwafundishi kuiga hotuba yoyote kati ya zile mbili. Nawapa muhtasari wa mkutano wa kijiji, mmoja wa mikutano inayotakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kuwataka wanionyeshe mambo machache: nani alileta hoja, ilijulikana lini kabla ya mkutano, nani alipinga na alisema nini, ahadi ipi imeandikwa na nakala yake iko kwa nani, na katika mkutano uliofuata nani alisimama kuuliza imefikia wapi. Muhtasari mwingi ninaoletewa una mstari mmoja tu chini ya kila agenda, kwamba wajumbe waliafiki kwa kauli moja. Huo tunausoma kwa sauti darasani, kisha tunarudi kwenye onyesho la usiku nyumbani kwa Brutus na kumtafuta Casca.