Mtihani wa Kijapani kwa Wageni na Upungufu Wake

Mtihani wa lugha hutungwa ili kumpima mwanafunzi, lakini mtihani wenyewe nao hauna budi kupimwa. Miongoni mwa mitihani ya lugha wanayofanya wageni, mmoja ulio mkubwa ni ule wa umahiri wa Kijapani, uitwao kwa lugha hiyo Nihongo Nooryoku Shiken. Ulianzishwa mwaka 1984 na shirika la Japan Foundation pamoja na jumuiya ya elimu ya nchi hiyo. Mwaka huo watahiniwa walikuwa wapatao 7,000. Mwaka 2019 walizidi milioni moja. Hufanywa mwezi wa Julai na mwezi wa Desemba, na katika Afrika Nairobi ni mojawapo ya miji unakofanywa. Kwa hiyo si jambo la Asia peke yake, wala si jambo geni kwa vijana wa Afrika Mashariki wanaotazamia kazi au masomo Japani.

Ngazi zake ni tano: N5 ni ya chini na N1 ni ya juu. Hadi mwaka 2009 ngazi zilikuwa nne, lakini ilionekana kwamba pengo baina ya ya tatu na ya pili lilikuwa pana mno, na mwaka 2010 ikatiwa ngazi mpya katikati. Cheti chake si pambo la ukutani. Mgeni mwenye ujuzi wa juu anayeomba ukaazi Japani huhesabiwa alama, na akifika 70 hukubaliwa. Cheti cha N1 humpa 15 na cha N2 humpa 10. Tena, tangu Aprili 2019, kwa wafanyakazi wa ufundi maalumu cheti cha N4 ni njia mojawapo ya kuthibitisha kwamba wanaijua lugha ya kutosha. Basi mtihani huu ni mlango wa riziki, na mlango wa riziki hustahili kuchunguzwa bawaba zake.

Yafaa kuanza na mema yake, maana ni mengi. Mtihani hupima ujuzi wa maneno na sarufi, kusoma, na kusikiliza. Jumla ya alama ni 180, na mtahiniwa wa N1 hana budi kupata 100. Lakini jumla hiyo haitoshi: katika kila sehemu ya alama 60 apate walau 19, ama sivyo ameanguka hata kama sehemu nyingine ameijaza. Sharti hili ni la busara, kwa kuwa humzuia mwenye macho makali na masikio mazito asipite kwa macho yake peke yake. Alama zenyewe hazihesabiwi kwa kujumlisha majibu yaliyo sahihi tu. Hulinganishwa kwa hesabu za kitakwimu, ili aliyefanya karatasi ngumu asidhulumiwe mbele ya aliyefanya karatasi nyepesi.

Yako pia maswali yaliyotungwa kwa ustadi. Katika swali moja la sarufi mtahiniwa hupewa sentensi yenye nafasi nne tupu, na vipande vinne vya maneno vilivyochanganywa. Kazi yake ni kuvipanga kichwani, kisha kutaja kipande kitakachoangukia penye alama ya nyota. Aliyekariri orodha ya maneno bila kujua jinsi Mjapani anavyoijenga sentensi, kitenzi kikikaa mwisho na maelezo yote yakitangulia, hawezi kulijibu ila kwa bahati. Swali hili limekaribia sana kupima utungaji.

Kwa Mswahili, sehemu ya sarufi ina mambo mengi yasiyo mageni. Kijapani hutofautisha akeru, kufungua, na aku, kufunguka. Kesu, kuzima, na kieru, kuzimika. Wanafunzi wengi wa lugha za Ulaya husumbuliwa na jozi hizi, lakini aliyelelewa na fungua na funguka anazo tayari katika fikira zake. Vivyo hivyo katika tabesaserareta, yaani alilishwa kwa kushurutishwa, kiungo cha kutendesha hutangulia na cha kutendwa hufuata, kama vile katika lishwa ish hutangulia w. Tofauti ni kwamba wakati, ambao Mswahili huutia mwanzoni, Mjapani huutia mwishoni. Mwalimu anayewafundisha Waswahili angefanya vema kuanzia hapo, badala ya kufuata vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiingereza.

Hata hivyo, mtihani huu una upungufu mmoja ulio mkubwa kuliko mema hayo yote, nao ni kwamba hauna ulimi wala mkono. Tangu N5 hata N1 mtahiniwa hatamki neno hata moja, wala haandiki sentensi hata moja. Huchagua jibu miongoni mwa manne, na mara nyingine matatu, akalitia alama, na mashine ikasahihisha. Lugha anayopimwa ni ile inayoingia kwake. Ile inayotoka kwake haiulizwi.

Mfano mdogo utaonyesha ukubwa wa jambo hili. Katika Kijapani urefu wa irabu hubadili maana. Shujin ni bwana au mume. Shuujin ni mfungwa. Sehemu ya maneno huuliza sana mambo ya namna hii: neno huandikwa kwa kanji, yaani herufi zilizotoka China, na mtahiniwa huchagua lisomwavyo. Mswahili aliyesoma kwa bidii atalipata jibu. Lakini ulimi wake umezoea kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kuivuta kidogo, na katika shujin silabi hiyo ndiyo shu. Basi mwanamke aliyepata alama kamili kwa swali lile aweza kutoka nje ya chumba cha mtihani akamwambia jirani habari za mumewe, jirani akasikia habari za mfungwa. Mtihani haukumdanganya, lakini haukumwonya.

Upungufu huu ungekuwa mwepesi kama cheti kingechukuliwa kwa kadiri kinavyosema. Sivyo ilivyo. Wenye mtihani wamechapisha orodha ya mambo ambayo waliofaulu kila ngazi hujiona wanaweza kuyafanya, na ndani yake mna kusikiliza, kusoma, kuandika na hata kuzungumza. Orodha hiyo ilitokana na maoni ya watahiniwa juu ya nafsi zao, si na kipimo cha mtihani, na jambo hilo limeelezwa wazi. Lakini mwenye kuajiri husoma orodha, hasomi maelezo. Tangu Desemba 2025 vyeti vimeongezewa daraja za kulinganisha na ngazi za lugha zitumiwazo Ulaya. Ngazi hizo za Ulaya zilitungwa kueleza pia kusema na kuandika, na hapa zimefungamanishwa na mtihani usiopima kimoja wala kingine. Hatari ya kudhaniwa zaidi ya ilivyo imeongezeka badala ya kupungua.

Madhara makubwa zaidi yamo katika kusoma kwenyewe. Mwaka 1994 ilichapishwa orodha ya mambo ya kutahiniwa: kwa ngazi ya juu ya wakati ule maneno kama 10,000 na kanji kama 2,000. Wanafunzi wakaifanya orodha kuwa ndiyo lugha. Ulipofanyizwa upya mwaka 2010, wenye mtihani waliacha kutoa orodha, wakaeleza kwamba shabaha ya kujifunza Kijapani ni kuwasiliana, si kukariri. Neno hilo ni la haki. Lakini wachapaji wa vitabu waliendelea kutoa orodha za kukisia, na wanafunzi waliendelea kuzinunua. Kwani mtihani uliosema mawasiliano ndiyo shabaha haukuongeza hata swali moja la kusema. Mwanafunzi husikiliza lile mtihani unalouliza kuliko lile watahini wanalohubiri.

Matokeo yake ni watu wanaojua ga hayai ka, msemo wa N1 wenye maana ya mara tu, ambao Wajapani huutumia zaidi katika maandishi, na hawawezi kumweleza mpangishaji kwamba bomba linavuja. Kijapani kina maneno ya kumtukuza mwenzi na maneno ya kujishusha mwenyewe. Mtihani hutaka yatambuliwe. Maisha ya kazini hutaka yatoke kinywani kwa wakati wake, mbele ya mtu aliye mkubwa, bila kungoja kuonyeshwa manne ya kuchagua.

Asidhani mtu kwamba kosa la kutenganisha mtihani na kazi huwa la upande mmoja tu. Uko mfano kutoka mtihani mwingine wa Japani, ule wa taifa wa wauguzi. Kwa mapatano ya uchumi, Japani ilianza mwaka 2008 kupokea wauguzi kutoka Indonesia, na mwaka 2009 kutoka Ufilipino. Walikuwa wamehitimu kwao, lakini iliwapasa kufaulu mtihani huo, kwa Kijapani, katika muda wa miaka mitatu, la sivyo warudi. Mwaka 2009 walioufanya walikuwa 82 na hakuna aliyefaulu. Mwaka 2010, katika 254 walifaulu 3. Neno mojawapo lililotolewa mfano katika mabishano yaliyofuata ni jokusoo, lenye maana ya vidonda vya mgonjwa wa kulala. Huandikwa kwa kanji ngumu, na katika mazungumzo ya kila siku watu husema tokozure. Muuguzi aliyejua kukiosha kidonda, na kulitaja jina lake kwa namna mgonjwa anavyolitaja, aliweza kuanguka kwa neno la kitabuni. Ndipo serikali ikayapitia maneno ya mtihani, ikarahisisha mengine, ikatia matamshi kando ya kanji ngumu na Kiingereza kando ya majina ya maradhi.

Mitihani hii miwili ni kama pande mbili za sarafu. Mmoja waweza kumpitisha asiyeweza kusema. Mwingine ulimzuia aliyeweza kutenda. Chanzo ni kimoja: lugha ya karatasi imefanywa kipimo cha lugha ya watu.

Watetezi wa mtihani watajibu kwamba watu milioni moja hawawezi kuhojiwa mmoja mmoja, na kwamba wasahihishaji wa insha hutofautiana. Jibu hilo lina uzito. Kipimo kilicho sawa Nairobi na Hanoi ni kitu cha thamani, na kusema hakupimwi kwa mashine kwa wepesi huo. Walakini si kweli kwamba hapana njia. Mtihani wa wageni wanaotaka kuingia vyuo vikuu vya Japani, ulioanza mwaka 2002, una insha katika sehemu yake ya Kijapani. Lililowezekana kwa wanafunzi wa vyuo lingeweza kujaribiwa walau kwa N2 na N1, ambazo watahiniwa wake ndio wanaoomba kazi za kalamu na mazungumzo. Na kama haliwezekani, basi cheti kiandikwe waziwazi, kwa herufi zisizo ndogo, kwamba kusema na kuandika havikupimwa.

Mwanafunzi hawezi kungoja mageuzi hayo. Afanyalo ni kuutumikisha mtihani badala ya kuutumikia. Kila kifungu cha kusoma akisome kwa sauti. Kila swali la sarufi alijibu kwa sentensi yake kabla ya kutazama majibu manne. Kila mazungumzo ya kusikiliza ayasimulie upya kwa maneno yake, na ikiwezekana mbele ya Mjapani atakayemsahihisha. Akifanya hivyo mtihani utampa kile ulicho nacho kwa kweli, yaani ratiba, shabaha na ushahidi wa bidii, na mengine atakuwa ameyapata mwenyewe. Ada ya mja hunena, walisema wahenga, na lugha isiyonenwa ni nusu ya lugha.

Waalimu wa Kiswahili nao wana la kujifunza hapa, maana wageni wanaojifunza Kiswahili wanazidi, na haja ya kuwapima itazidi pamoja nao. Itakuwa rahisi kutunga karatasi ya kuchagua baina ya kiti changu kimevunjika na kiti yangu imevunjika, na mashine ikaisahihisha kwa dakika moja. Mgeni ataipata alama yake. Lakini siku mtoto atakapomwamkia Shikamoo, naye asijue kuitikia Marahaba, alama ile haitamsaidia, na waliompa cheti watakuwa na la kujibu.