Aliyetangulia

Vitabu vya kumbukumbu za Olimpiki vimemwandika Wilson Kiprugut Chuma. Kwao Kericho ni Chumo, arap Chumo, lakini vitabu vilibadilisha herufi moja vikampa jina ambalo Mswahili halipiti bila kutabasamu. Chuma ni madini, na kuchuma ndiyo kazi ya nchi nzima aliyotoka, kuanzia mashamba makubwa ya Kericho hadi vishamba vya nusu ekari kule Bomet. Jina lake la kwanza halina utani. Kiprugut, kwa Wakipsigis, ni mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa njaa.

Mama yangu alichuma chai miaka mingi, na kwake nilijifunza jambo ambalo baadaye lilinisaidia kumwelewa Kiprugut. Wachumaji wengi huanza polepole. Wanafunga aproni ya plastiki, wanapasha vidole, wanapiga soga mstari wa kwanza wote. Mama hakuwa hivyo. Akishaingia shambani mikono yote miwili ilifanya kazi kama ya watu wawili tofauti: kidole gumba na cha shahada vinakata majani mawili na chipukizi, kiganja kinakusanya, konzi ikijaa inatupwa nyuma ya bega hadi kikapuni bila yeye kugeuza shingo. Kufika saa nne alikuwa amewaacha wenzake mistari miwili. Tulipomuuliza haraka ya nini, alinyoosha mdomo kuelekea Msitu wa Mau, ambako wingu la alasiri lilikuwa limeanza kujikusanya. Kericho mvua haina ahadi, ila mchana huja. Anayetangulia asubuhi, mchana kazi yake ni kulinda tu alichokipata.

Kulinda. Wapenzi wa soka husema beki hakumbukwi ila siku aliyokosea. Mkimbiaji wa mita 800 anayeongoza tangu mwanzo naye ni beki, tena wa peke yake: hana kipa nyuma wala mwenzake wa kumpokea. Upepo unampiga yeye kwanza, walio mgongoni wanajificha. Wao wanamwona, yeye hawaoni, anasikia tu njumu zao. Na mita 800 ni mbio za kikatili, ndefu mno kwa mtu wa kasi tupu, fupi mno kwa mtu wa subira tupu. Ndiyo maana wengi hupenda kukaa nyuma na kuvizia. Mimi, nikiri, sijawahi kuwapenda wanaovizia, hata wakishinda.

Kiprugut alikuwa mwanajeshi, na alikimbia kama mtu aliyepewa kilima akilinde. Tokyo, Oktoba 1964, Kenya ilikuwa na miezi 10 tu ya uhuru. Katika nusu fainali yeye na George Kerr wa Jamaika walipewa muda mmoja, 1:46.1, rekodi mpya ya Olimpiki. Fainali ilikuwa tarehe 16. Peter Snell wa New Zealand alichukua dhahabu na Bill Crothers wa Kanada fedha. Nyuma yao saa ziliwapa Kiprugut na Kerr tena muda mmoja, 1:45.9, na waamuzi wakampa Kiprugut shaba. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Siku hizi tukirudi na medali chache tunanuna wiki nzima, kwa hiyo ni vigumu kueleza uzito wa ile moja.

Mwaka uliofuata, katika Michezo ya Afrika huko Brazzaville, alishinda mita 400 na 800 zote mbili. Mwaka 1966 huko Kingston, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, alipata fedha ya yadi 880 nyuma ya Noel Clough wa Australia.

Kisha Mexico City, 1968. Mji ule uko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Wazungu walikuwa wamelalamika miezi mingi kuhusu hewa yake nyepesi, ila kijana wa Kericho, ambako nako ni kama mita 2,000, hakuikuta kuwa ngeni sana. Fainali ilipoanza alifanya alichokijua: alikwenda mbele. Mzunguko wa kwanza ulikatika kwa takriban sekunde 51. Kengele ya mzunguko wa mwisho ililia akiwa mbele, kona ya mwisho akaikunja akiwa bado mbele. Katika mnyoofu wa mwisho Ralph Doubell wa Australia, aliyekuwa amevizia, akampita. Doubell 1:44.3, sawa na rekodi ya dunia ya Snell. Kiprugut 1:44.5.

Tupige hesabu kidogo. Kwa mwendo ule, mbili ya kumi ya sekunde ni kama mita moja na nusu. Hatua moja ya Kiprugut ilikuwa ndefu kuliko hapo. Yaani katika mita 800 alizidiwa kwa kitu kisichotimia hatua, na aliyemzidi alilazimika kufikia rekodi ya dunia ndipo ampate. Mimi siiti hiyo kushindwa. Mwenye kutaka kujua nani aliyeamua zile mbio ziendeshwe vipi, aangalie nani alikuwa mbele kengele ilipolia.

Lakini dhahabu tatu za Kenya zilizopatikana kwenye michezo ile, za Naftali Temu, Kipchoge Keino na Amos Biwott, ziliimeza fedha yake. Baada ya jeshi alirudi kwao Kericho, akazeeka huko huko. Majina ya wengine yalibandikwa kwenye viwanja na barabara. Lake kwa miaka mingi lilibaki zaidi kwenye maswali ya chemsha bongo: nani alikuwa wa kwanza?

Alikuwa na umri wa miaka 74 hivi pale Mkenya mwenzake David Rudisha alipotoka mbele katika fainali ya mita 800 ya Olimpiki ya London, 9 Agosti 2012, akapita kengele kwa sekunde 49.28 na kumaliza kwa 1:40.91, rekodi ya dunia, bila sungura wa kumvuta na bila mtu hata mmoja kumwonyesha mgongo wake. Dunia ilishangaa kwamba mtu anaweza kushinda Olimpiki kwa kuongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Mzee wa Kericho, nadhani, alishangaa kidogo kuliko dunia. Na miaka 57 baada ya shaba yake, katika mji ule ule wa Tokyo, Wakenya wawili, Emmanuel Korir na Ferguson Rotich, walichukua dhahabu na fedha za mita 800. Hiyo pia aliishi akaiona.

Aliaga dunia 1 Novemba 2022. Tarehe 20 Oktoba 2023 serikali ilileta sherehe za kitaifa za Siku ya Mashujaa Kericho. Ilikuwa mwaka mmoja kasoro siku 12 tangu afe. Uwanja wa Green ulikuwa umekarabatiwa, gwaride likapita, mashujaa wakatajwa. Mwenyewe alikuwa ameshatangulia.