Mbuzi alikula dawa, sisi tulikunywa sukari



Leo siandiki juu ya mbolea wala magonjwa ya mihogo. Ninataka kufanya critique ya maandishi ambayo sisi wote tunayapokea kwenye simu, na wengi wetu tunayatuma mbele bila kufika mwisho: yale maandishi ya «jus ya afya». Mnayajua. Juu kuna picha ya glasi nyekundu ao ya kijani. Chini kuna orodha: karoti, beterave, nanasi, tangawizi, ndimu. Kisha ahadi: kwa siku 21 damu inasafishwa, tension inashuka, sukari inakwisha, sumu yote inatoka. Na mwisho kabisa: tuma kwa watu 10 unaowapenda.

Ninaanza na kosa langu mwenyewe, ili mtu asiseme ninahukumu wengine. Andiko moja la namna hiyo, mimi njo nililituma kwa mama mukubwa wangu hapa Iga Barrière. Yeye ana ugonjwa wa sukari, miaka mingi sasa, na anameza vidonge asubuhi na jioni. Nililisoma haraka-haraka, nikaona matunda, nikawaza: matunda ni mazuri, mimi ni agronome, nitamfurahisha. Nikabonyeza.

Mama mukubwa akanunua mixeur ya mkono wa pili. Kila asubuhi alisaga nanasi, machungwa, karoti na beterave, akachuja na kitambaa, akakunywa glasi kubwa mbili. Makapi alimtupia mbuzi nyuma ya nyumba. Na vidonge? Andiko lilisema dawa za hospitali «zinachosha mwili», basi akaviweka kando. Siku ya 9 kiu haikuisha, alikuwa anaamka usiku kukojoa kila mara, macho yakaona ukungu. Siku ya 11 tulimpeleka. Mashine ya kupima sukari haikuandika namba. Iliandika HI, maana yake sukari imepita kiasi ambacho mashine inaweza kupima. Tukamshusha Bunia kwa moto, mimi nyuma nikimshika asianguke.

Alipona, tunashukuru Mungu. Lakini siku ya kurudi nyumbani aliniambia neno ambalo halijatoka kwenye kichwa changu: «Papa, mie niliamini juu ni weye ulituma. Weye ulisoma.»

Njo maana ninaandika. Maandishi haya hayana nguvu yenyewe. Nguvu yao ni jina la yule anayeyatuma. Tuyasome basi sawa vile tulifundishwa kusoma karatasi ya dawa ya kupulizia shamba: ni kitu gani, kwa nani, kiasi gani, na hatari yake iko wapi.

Kosa la kwanza: wanatupa kile kilicho kizuri. Chungwa zima lina sukari, ndiyo, lakini ile sukari imefungwa ndani ya nyama ya tunda pamoja na nyuzinyuzi, ile fibre. Ukilitafuna, sukari inaingia kwenye damu polepole, na ukimaliza moja ao mawili umeshiba. Ukilikamua, unahitaji machungwa 3 ao 4 kwa glasi moja, na unaimaliza kwa dakika moja. Glasi ya mililita 250 ina karibu gramu 20 za sukari, ni kama vijiko 5 vidogo. Soda haiko mbali na hapo. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, mwaka 2015 lilitoa mashauri kwamba sukari huru isipite asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa chakula, karibu gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima. Na ndani ya hesabu hiyo waliweka wazi sukari ya asali na ya juisi ya matunda, hata ile unayokamua mwenyewe nyumbani. Tunda zima halikuwekwa humo.

Kwa hiyo kwenye lupango yetu mambo yalikuwa hivi: mbuzi alikula dawa, mama mukubwa alikunywa sukari. Mbuzi alinenepa vizuri sana.

Kosa la pili: hakuna kipimo wala mgonjwa. Andiko linasema na watu wote sawa: mjamzito, mtoto, mzee wa tension, mtu wa figo mbovu. Sisi tunajua kwamba urée ile ile inayokuza mahindi, ukizidisha kiasi, inayachoma. Juisi ya beterave na ya majani mabichi ina oxalate mingi. Kwa mtu mzima mwenye afya, glasi moja mara kwa mara haina shida. Kwa mtu ambaye figo zake zimeshaharibika, kunywa nyingi kila siku inaweza kuzimaliza.

Tena kuna kijana hapa aliniuliza kama anaweza kutia sombe mbichi kwenye mixeur, juu andiko lilisema «majani yote ya kijani». Wenzangu, hapo niliogopa. Jani la muhogo lina linamarine. Ukilisaga bichi, linatoa cyanure. Njo maana mama zetu wanatwanga, wanachemsha muda mrefu, wanaacha mvuke utoke. Ile kazi yote ya kinu na chungu ni chimie, hata kama hakuna aliyeiita hivyo. Huko Kwango watu wanaijua konzo, ugonjwa unaolemaza miguu ya wale waliokula mihogo michungu isiyotayarishwa vizuri. Mwandishi wa orodha ya juisi hakuwaza sombe, hilo ninakubali. Lakini aliandika «yote», na msomaji wake anaishi hapa kwetu.

Kosa la tatu: sumu isiyo na jina. Wanasema juisi inatoa sumu. Sumu gani? Hawasemi kamwe. Hapa Iga swali hili siyo la mchezo, juu vijana wetu wanaishi na sumu yenye jina: zebaki, ile tunaita mercure. Wanaichanganya na dhahabu, kisha wanaichoma kwenye moto, mara nyingine ndani ya nyumba ambamo watoto wanalala. Mvuke wake unaingia kwenye mapafu, unapiga ubongo na figo. Nilimsikia creuseur mmoja akisema jioni anakunywa jus ya ndimu na tangawizi «ili mercure itoke». Hapana, ndugu. Hakuna juisi inayotoa zebaki mwilini. Mwili unasafishwa na ini na figo, na zebaki inashambulia hizo figo zenyewe. Kinachosaidia ni kutochomea ndani ya nyumba, kusimama upande upepo unatoka, kutumia retorte inayoshika mvuke, na kuweka watoto na wajawazito mbali. Andiko la détox linamwambia huyu kijana kwamba anaweza kuendelea kuvuta ule mvuke kila siku, mradi jioni anywe glasi.

Kosa la nne: wanavaa nguo za Biblia. Lile nililotuma mimi lilikuwa na kichwa kuhusu «jus ya Waisraeli». Lilisema Wayahudi mwanzoni mwa mwaka wao wanakunywa komamanga na asali, njo maana hawaugui. Na juu komamanga hapa kwetu ni tabu kupata, mwandishi aliruhusu kuweka beterave, kwa sababu rangi ni moja! Mtu wa kanisa akiona jina la Israeli hawezi kuuliza swali tena. Mimi pia sikuuliza. Nimeenda kusoma nyuma.

Nilichokuta ni kizuri kuliko lile andiko. Kwenye Rosh Hashana, mwaka mpya wao, Wayahudi wengi wanachovya kipande cha tufaha ndani ya asali na kuomba mwaka mwema, mtamu. Komamanga linawekwa mezani juu ya mbegu zake nyingi: wanaomba matendo yao mema yawe mengi vile. Ni alama, ni maombi, hakuna aliyesema ni dawa ya sukari. Kwenye Pasaka wanakula mkate usiochachuka, kukumbuka kwamba walitoka Misri mbiombio, na majani machungu kukumbuka utumwa. Na kwenye Hanukkah? Siku 8 za vitu vya kukaanga: chapati za viazi, na mikate ya mafuta ndugu wa mikate yetu ya asubuhi, kwa ajili ya kukumbuka mafuta ya taa ya Hekalu. Kama chakula cha sikukuu ya Wayahudi ni siri ya afya, basi mama mukubwa angeuza mikate yake kwa bei ya dawa.

Tena wana siku moja ya kufunga, Yom Kippur, karibu saa 25 bila chakula wala maji. Lakini sheria yao yenyewe inasema kuokoa uhai kunatangulia. Mgonjwa ambaye kufunga kunaweza kumuua, anapashwa kula, na neno la daktari linasikilizwa. Muone sasa: watu wenye siku takatifu kuliko zote wanamwambia mgonjwa asihatarishe maisha yake, na andiko la simu, kwa jina la watu hao hao, linamwambia aache vidonge.

Na hawa watu siyo wa mbali tu. Hapo Uganda, karibu na Mbale, kuna Abayudaya, Waafrika walioshika dini ya Kiyahudi tangu mwaka 1919 na mkubwa wao Semei Kakungulu. Ni walimaji sawa na sisi. Mwaka 2004 walianzisha koperative ya kahawa pamoja na majirani Waislamu na Wakristo, wakaiita Mirembe Kawomera, kwa Luganda «amani tamu». Mtu akitaka kujifunza kitu kwa Wayahudi, mimi ningechagua hiyo koperative. Sisi wa Ituri tunajua bei ya shamba ambalo jirani hawezi kukuacha ulifikie.

Sasa niwe wa haki. Maandishi haya yana ukweli mmoja: watu wetu wanakula matunda na légumes kidogo sana. OMS inashauri angalau gramu 400 kwa siku kwa mtu mzima, na mihogo na viazi haviingii kwenye hesabu hiyo. Sahani nyingi hapa ni mlima wa bugali na kijiko cha majani. Tena juisi isiyo na sukari ya kuongeza ni bora kuliko pombe kali. Yule anayeandika juu ya juisi ameona pengo la kweli. Kosa lake ni kulijaza na mixeur, wakati umeme wenyewe tunauwinda, na wakati chakula kinachofaa kiko hapa kwenye soko chini ya pua yetu.

Nichukue sahani moja tu. Maharagi, lengalenga iliyopikwa na mafuta kidogo ya mawese, bugali kiasi, na chungwa moja la kutafuna hapo hapo. Maharagi yana chuma, na vitamini C ya chungwa inasaidia mwili kuishika. Chai ukiinywa pamoja na chakula inaizuia, basi ingoje kidogo. Lengalenga ina ile rangi inayogeuka vitamini A, na rangi hiyo inahitaji mafuta ili iingie. Yaani bibi aliyetia mawese kwenye majani alikuwa na akili kuliko mwenye juisi ya karoti tupu. Hakuna kilichochujwa, hakuna kilichotupwa.

Mama mukubwa leo anakula hivyo, vidonge vimerudi kwenye mfuko wa kikwembe chake, na mixeur anasagia nyanya. Mbuzi tulimuuza kulipa deni la hospitali.

Ombi langu kwenu, wenzangu, ni dogo. Kabla ya kubonyeza «tuma», ulizeni maswali 3: Kiasi gani? Kwa mgonjwa wa namna gani? Inamwambia mtu aache nini? Kama jibu la swali la tatu ni «dawa yake», msilitume hata kama limeandikwa na Paulo mwenyewe. Kule kijijini hawasomi jina la mwandishi. Wanasoma jina lako.

Mwenye kuona tofauti, haswa ndugu zetu wa médecine na wa nutrition, aandike hapo chini. Nikikosea tena, afazali nirekebishwe hapa kuliko huko Bunia, nyuma ya moto.