Magwanda ya Keya: Fani Bila Maudhui

Anayetaka kununua leo koti la afisa wa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya, aweza kulipata katika minada ya Uingereza. Ataonyeshwa kaki iliyopigwa pasi, beji yenye alama ya baragumu, na pengine ndani ya mfuko kijitambaa cha fundi wa London kilichoandikwa jina la mwenye koti. Akiulizia vazi la askari aliyemfuata afisa huyo, mambo hugeuka. Kaptura moja hapa, tarbushi moja pale, nayo mara nyingi haina mwenyewe. Askari alikuwa na namba, na vitu vya namba huwa vigumu kurudi kwa mtu.

Hili ndilo jambo tunalotaka kulihakiki. Ukusanyaji wa sare za vita umekuwa shughuli kubwa huko Ulaya na Marekani, nao una wataalamu wake. Wanajua aina ya uzi, umbo la kifungo, mwaka ambao mfuko wa kifuani uliongezwa kifuniko. Kwa lugha ya mhakiki, hao ni mabingwa wa fani. Lakini sare, kama shairi, haikushonwa ili ihesabiwe mishono tu.

Tuichukue Jinja. Kikosi cha Nne cha Keya, kilichokuwa cha Uganda, kilizaliwa tarehe 1 Januari 1902 kutokana na jeshi lililotangulia la Uganda Rifles, na mizizi yake ilikuwa Wasudani waliokuwa askari wa Emin Pasha, ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891. Tarbushi ya Keya ilitoka huko, Misri na Sudani, wala si Uingereza. Vyeo navyo vilitoka njia hiyohiyo: ombasha, shaushi, afande. Maneno haya ya Kituruki yalipita Khartoum yakaingia katika Kiswahili cha kambini, na la mwisho bado linaishi katika vinywa vya watu kuanzia Mbale hadi Mtwara. Mkusanyaji anayeiweka tarbushi katika kabati la kioo na kuiandika "kofia ya Kiafrika ya Kiingereza" amepotoka mara mbili kwa maneno matano.

Tena yapo mambo ambayo kitambaa hakiwezi kuyaonyesha. Mwaka 1897 Wasudani hao waliasi, na mwezi Oktoba wakaiteka ngome ya Luba, upande wa Busoga, si mbali na Jinja. Kati ya malalamiko yao makubwa ni ujira mdogo uliocheleweshwa. Mnamo Januari 1964, katika kambi ya Jinja yenyewe, askari wa Uganda Rifles waliasi wakidai ujira bora na maafisa Waafrika; waziri wao, Felix Onama, alizuiliwa kambini, na majeshi ya Uingereza yakaitwa kuwanyang'anya silaha. Miaka zaidi ya 66 ilipita katikati. Uganda ilikuwa imepata uhuru Oktoba 1962, jeshi likabadilishwa jina, lakini lalamiko la mvaaji lilibaki lilelile. Katika orodha za minada hutaona safu ya mshahara.

Vita vya Pili vya Dunia (1939-45) ndivyo vilivyoeneza vazi hili vijijini. Watu wa Uganda wapatao 77,000 huhesabiwa kuwa waliingia katika majeshi ya Uingereza. Vikosi vya 4, 34 na 44, vyote vya Uganda, vilikuwamo katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopigana Burma mwaka 1944, katika mvua na matope ya bonde la Kabaw hadi mto Chindwin. Askari aliyezoea kwenda peku au kwa makubazi sasa alipewa buti. Kofia pana iliyokunjwa ubavuni ikachukua mahali pa tarbushi. Na kaki ikaachia nafasi rangi ya kijani ya msituni. Mwenye kujua kusoma nguo aweza kuifuata safari yote hiyo katika vazi moja.

Kwa nini basi hayakubaki mengi? Jibu la kwanza ni rahisi, nalo wakusanyaji hulisahau: nguo ilikuwa mali. Kabuti la jeshi lilikuwa zito na zuri, na mwenye kabuti hakulitundika ukutani. Alilivaa shambani asubuhi ya baridi chini ya Mlima Elgon, akalitandika, akalirithisha, hadi likaisha. Kuisha huko si uharibifu. Ni matumizi, na kwa maoni yangu kabuti lililochakaa hivyo lilisomwa vizuri zaidi kuliko lile lililohifadhiwa kwa dawa ya nondo.

Watu wetu walikuwa na namna yao ya kukusanya sare. Ngoma ya beni, iliyoanzia miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kusambazwa na askari na wapagazi wa vita vya 1914-18, ilikuwa na vyama vyenye majenerali, makapteni, gwaride na mavazi ya kijeshi. Marini na Arinoti walishindana kwa unadhifu wa mavazi na kwa ukali wa nyimbo. Mtu aliyeitwa "boi" mchana aliweza kuwa jenerali jioni. Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya ngoma hii mwaka 1975, naye aliona kwamba haikuwa uigaji mtupu. Hapa fani na maudhui vilikutana: sare ilivaliwa, ikachezewa, ikasemeshwa.

Wako watakaosema kwamba magwanda haya ni alama za ukoloni, na afadhali yaishe. Hoja hiyo ina uzito, hasa Uganda, ambako Kiswahili chenyewe kiliitwa lugha ya askari. Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wengi walikisikia kwa sauti ya kituo cha ukaguzi barabarani. Kimekuwa lugha rasmi ya pili tangu mabadiliko ya katiba ya 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri lilikubali kifundishwe shuleni kwa lazima. Hata hivyo mwalimu wa Jinja au Mbale bado hukutana na mzazi anayekumbuka. Lakini kuchoma kabuti hakutamfuta kumbukumbu mzazi huyo. Kutamnyang'anya mwanawe kitu cha kuulizia, basi.

Hofu nayo ina historia yake. Aprili 1979, majeshi ya Tanzania yalipokaribia Jinja na Mbale, askari wa Amin walivua magwanda ili wakimbie kama raia. Mwaka 1987 wafuasi wa Alice Lakwena walipita mashariki mwa nchi na kushindwa karibu na Jinja. Katika miaka kama hiyo nani angeweka nguo ya jeshi nyumbani, hata iwe ya babu? Sheria ya jeshi ya 2005 inamkataza raia vifaa vya kijeshi, na Septemba 2019 serikali ilitangaza kwamba bereti nyekundu nayo ni mali ya jeshi. Mahakama ya Juu ilikataza Januari 2025 raia kuhukumiwa katika mahakama za kijeshi. Mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kuziruhusu tena kwa baadhi ya makosa. Mkusanyaji wa London hulipa fedha akapokea risiti. Wa Mbale hana budi kufikiri juu ya jela kwanza.

Ndiyo maana nasema mwalimu asianze na nguo. Aanze na maneno na majina, ambayo hayajakatazwa. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita, yakiwemo ya Jinja, ilikiri kwamba wafu wa Vita vya Kwanza wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina yao. Wajukuu wa Wakeya wako madarasani mwetu. Waulizwe babu aliitwa nani, alikuwa kikosi gani, aliimba nini njiani, kabuti lake lilichanikia wapi. Majibu yaandikwe kwa Kiswahili alichokisema mwenyewe, pamoja na ombasha na shaushi wake, kabla hayajasahihishwa na kamusi.

Kabati la kioo litafuata baadaye, endapo kutakuwa na kitu cha kutia ndani.