Majina ya Kazi Isiyotulia

Programu ya kompyuta haikamiliki siku moja ikatulia. Leo inarekebishwa, kesho inaongezwa, keshokutwa sehemu yake inafutwa, na wakati huohuo maelfu ya watu wanaitumia katika hali mbalimbali. Kuipa kila hali jina lake, ili watu wawili walio mbalimbali wawe na hakika kwamba wanazungumzia kitu kilekile, ni ufundi ambao watumiaji wengi hawauoni. Mimi nauhesabu miongoni mwa kazi za kuheshimiwa sana katika fani nzima ya programu.

Tazama namba kama 4.10.2. Hiyo si desimali. Nukta zinatenganisha namba tatu kamili, kila moja ikihesabiwa kivyake, ndiyo maana 4.10 huja baada ya 4.9. Lugha ya Python ilipofika toleo la 3.10, Oktoba 2021, wako walioiandika namba hiyo bila alama za kunukuu katika mafaili yao ya mipangilio. Mashine ikaisoma kama desimali, ikaenda kutafuta Python 3.1.

Katika utaratibu alioutunga Tom Preston-Werner, unaofuatwa na miradi mingi, namba ya kwanza hupanda mabadiliko yanapovunja kazi za wanaoitegemea programu. Ya pili hupanda kinapoongezwa kipya bila kuharibu cha zamani. Ya tatu ni ya kurekebisha kasoro. Ni ahadi, na anayeitoa anajifunga mbele ya watu asiowajua wala hatawajua. Si wote wanaoahidi hivyo. Mfumo wa Ubuntu hutaja mwaka na mwezi: 4.10 ni toleo la Oktoba 2004. Mwaka 2011 Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, aliivusha kutoka 2.6.39 hadi 3.0 kwa kuwa namba zilikuwa zimekua mno, si kwa kuwa kuna kilichovunjika. Naye Donald Knuth huongeza tarakimu moja moja kwenye namba ya TeX, programu yake ya kupanga maandishi, kuielekea pai. Toleo la 2021 ni 3.141592653, na ameagiza kwamba akifariki namba hiyo iwe pai yenyewe, na kasoro zozote zitakazobaki ziachwe jinsi zilivyo. Sijaona fundi mwingine aliyeweka unyenyekevu na fahari katika namba moja kiasi hicho.

Lakini toleo ni kituo tu. Kati ya kituo na kituo yako mabadiliko mamia, na kila moja linahitaji jina. Mwaka 1972, huko Bell Labs, Marc Rochkind alitengeneza SCCS, mfumo wa kutunza historia ya msimbo. Baadaye katika mfumo wa CVS kila faili lilikuwa na hesabu yake, 1.1, 1.2, 1.3, hata ikawa vigumu kusema mradi mzima ulikuwaje siku fulani. Mfumo wa Subversion ukaliondoa tatizo hilo kwa kuipa hazina yote ya msimbo namba moja inayopanda kwa kila badiliko. Ni safi na rahisi kusomeka, ila inadai seva moja ya kugawa namba inayofuata.

Je, watu wasipokuwa na seva moja? Waandishi wa Linux wametawanyika duniani, kila mmoja ana nakala kamili ya hazina kwenye mashine yake. Nani awape zamu? Torvalds alipoandika mfumo wake wa Git, Aprili 2005, jibu lilikuwa kwamba hakuna haja ya mgawaji. Jina litoke ndani ya kazi yenyewe. Git huchukua hali ya mafaili yote, kitambulisho cha komiti (badiliko lililohifadhiwa) iliyotangulia, jina la mwandishi, wakati na maelezo yake, ikavipitisha kwenye hesabu ya SHA-1, na kutoa alama 40 za tarakimu na herufi. Badili koma moja katika faili la miaka mitano iliyopita, jina la komiti ile litabadilika, na la kila iliyoifuata hadi leo. Alama hizo hazisomeki kwa urahisi, lakini zimebeba ushahidi wa ukoo mzima. Hata hivyo, mwaka 2017 watafiti wa Google na wa kituo cha CWI cha Amsterdam walionyesha mafaili mawili tofauti yenye SHA-1 moja, na tangu 2020 Git imekuwa na njia ya kutumia SHA-256 iliyo imara zaidi.

Namba ni neno la mtu. Kitambulisho ni hesabu ya kilichomo. Vikitengana kuna hatari. Mwanzoni mwa 2024 matoleo ya xz, programu ya kubana mafaili, 5.6.0 na 5.6.1 yalitoka na mlango wa siri, na sehemu ya msimbo uliouamsha mlango huo ilikuwamo katika kifurushi cha toleo, haimo katika hazina ya Git. Mtaalamu wa programu Andres Freund aliugundua kwa kufuatilia kuingia kwenye mashine kwa SSH kulikochelewa kwa takriban nusu sekunde. Namba ilikuwa sahihi kabisa, nayo haikumlinda mtu.

Ndiyo maana naipenda amri ya git describe. Huandika kitu kama v2.3.0-14-g7c1e9ab: toleo la karibu nyuma yake, komiti 14 zilizoongezeka tangu hapo, kisha herufi g na mwanzo wa kitambulisho. Ahadi na ushahidi katika mstari mmoja.

Basi ndugu msomaji, ukiripoti kasoro usiseme "toleo jipya". Nakili namba yote kama ilivyo, pamoja na mkia wake. Na wewe unayetoa matoleo, liwekee kila toleo lebo kwenye komiti yake, na lebo ikishatangazwa usiihamishe.