Moshi kwa Kipimo

Ubaya wa moshi ni kwamba unapendeka upesi. Tia kidogo kwenye kinywaji, kila mtu ataubaini. Tia mwingi, hakuna atakayebaini kitu kingine. Kwa sababu hiyo wiski ya Scotland ya bei nafuu yenye moshi ni mahali pazuri pa kumpimia fundi. Wiski iliyolala pipani miaka 18 ina uzee wa kuitetea. Ya bei ya chini haina mtetezi ila mkono wa aliyeichanganya: hiki kiasi gani, kile kiasi gani, na moshi ukomee wapi.

Mfano wangu ni Teacher's Highland Cream. William Teacher alianza biashara Glasgow mwaka 1830, na baadaye akawa na baa kadhaa za wiski mjini humo. Zilikuwa baa zenye nidhamu kali: mlevi alitolewa nje, na kuvuta tumbaku kulikuwa mwiko. Jina la Highland Cream lilisajiliwa mwaka 1884, yeye akiwa ameshafariki, na mwaka 1898 familia ikaanzisha kiwanda chake cha kukeneka wiski, Ardmore, kijijini Kennethmont huko Aberdeenshire. Ilitaka wiski ya kimea iliyoisimamia yenyewe tangu mwanzo. Reli ilikuwa imerahisisha kuleta makaa ya mawe, na viwanda vingi vya upande huo vikaacha taratibu kukausha shayiri kwa moto wa mboji. Ardmore haikuacha, na moshi ulioko ndani ya Teacher's unatoka hasa huko.

Moshi wenyewe huingia mapema sana. Shayiri hulowekwa, huachwa ichipue, kisha hukaushwa ili chipukizi lisiendelee kula wanga. Hicho ndicho kimea. Kikiwa bado kina unyevu, hupitishiwa moshi wa mboji nyeusi iliyochimbwa kinamasini na kuanikwa, nao hung'ang'ania kwenye maganda. Punje ikishakauka, mlango umefungwa; choma mboji kutwa nzima, utapata kidogo tu. Kinachobaki kwenye ganda ni kemikali ziitwazo fenoli, na wenye kazi huzihesabu kwa sehemu katika milioni. Kimea cha Ardmore huwa na 12 hadi 14 hivi. Kile cha Laphroaig, katika kisiwa cha Islay, hupita 40.

Tofauti haiishii kwenye hesabu. Mboji ya Islay hutoa harufu ya iodini na lami, ile inayomfanya mnywaji mgeni aulize kama amepewa dawa ya kidonda. Ya bara la Aberdeenshire ni kavu zaidi, ina udongo na kuni. Kwa fundi mchanganyaji hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa moshi wa kuni hukaa kwa amani na tufaha na asali, ilhali iodini hutaka meza nzima iwe yake.

Baada ya kimea kuchachushwa, zamu ni ya mtu wa mtambo wa kukeneka. Fenoli nyingi hazina haraka. Hutoka kuelekea mwisho wa mkeneko. Akikata mapema, atapata pombe safi isiyo na moshi. Akichelewa, moshi utakuja pamoja na harufu za ngozi mbichi na jasho. Halafu pipa nalo hutoza ushuru wake, maana kadiri miaka inavyopita ndivyo moshi unavyofifia. Wiski changa ndiyo yenye moshi mkali.

Hapo ndipo moshi na bei hukutana. Sheria inadai wiski ya Scotland ilale katika mapipa ya mwaloni kwa muda usiopungua miaka 3. Chupa nafuu isiyotaja umri ina ruhusa ya kubeba wiski changa, na moshi husaidia kufunika utoto huo: ule ukali unaouma ncha ya ulimi, ile harufu ya nafaka mbichi. Kishawishi cha kufunika ni kikubwa. Wakalenjin wanaotengeneza mursik, maziwa ya kuchachushwa, nao hukisugua kibuyu kwa mkaa wa mti maalumu kabla ya kumimina maziwa, na anayeijua kazi hiyo hatafuti mkaa tu anapoonja. Anatafuta maziwa. Akiyakosa, kibuyu kimemdanganya.

Ili wiski ionekane ndani ya moshi, mchanganyaji ana kitu ambacho wanywaji wengi hukidharau: wiski ya nafaka. Hii hutokana na ngano au mahindi, hukenekwa mfululizo katika mnara wa aina ambayo Aeneas Coffey aliipatia hataza mwaka 1830, na hutoka nyepesi, tamu kidogo, na kwa gharama ndogo. Sheria ya mwaka 1860 iliporuhusu kuichanganya na wiski ya kimea kabla ya kulipa kodi, biashara nzima ikabadilika. Wapo wanaoiona kama maji ya kuongezea mchuzi. Lakini mimina wiski ya kimea yenye moshi peke yake, kisha uionje ikiwa imekaa juu ya wiski nzuri ya nafaka: vanila ya pipa inasogea mbele, na moshi unapata nafasi ya kupumua. Kosa huja nafaka inapozidi. Teacher's kwa miaka mingi ilijinadi kwa wingi wa kimea chake, takriban asilimia 45, na hilo unaweza kulihisi mdomoni kabla hujalisoma popote.

Kazi ya mchanganyaji ina tabu nyingine isiyoonekana. Hakuna mapipa mawili yanayofanana, na chupa lazima zifanane mwaka hata mwaka. Basi hukaa na glasi ndogo zenye umbo la tulipu, sampuli zikiwa zimepunguzwa kwa maji hadi karibu asilimia 20 za kileo, akinusa moja baada ya nyingine. Hunusa sana, huonja kidogo, humeza mara chache. Pipa hili limezidi vanila, lile limenyauka, jingine lina moshi kuliko ndugu zake; analipunguza hapa, analiongeza pale. Akifanikiwa, mnywaji hatajua kwamba kulikuwa na kazi yoyote.

Sisi tunaoonja mezani tuna kazi nyepesi, ila nayo ina utaratibu. Tafuta glasi yenye tumbo na mdomo mwembamba. Rangi iache, sheria inaruhusu karameli ya kutia rangi, hivyo dhahabu nzito haithibitishi lolote. Iweke glasi chini ya kidevu kwanza, mdomo ukiwa wazi kidogo, ndipo uipandishe puani. Katika Teacher's napata tufaha lililopikwa, asali, na kitu kama biskuti ya ngano. Moshi unakuja wa tatu, kama majivu ya moto uliozimwa jana. Kutangulia kwake kusingekuwa dhambi, lakini kufika peke yake kungekuwa.

Sasa subiri. Pua huzoea harufu, na ikikaa na moshi kwa dakika kadhaa huacha kuushtukia. Wengi hudhani wiski ndiyo iliyopoa. Mtu anayehukumu huutumia uchovu huo, kwa sababu kinachobaki pua ikishazoea moshi ndicho kilichokuwa kimefunikwa. Chupa nyingi za moshi huanguka hapa: panabaki spiriti na sukari ya karameli. Katika Teacher's bado kuna kimea na tufaha, na chini yake harufu ya nafaka changa inayojulikana umri wake, bila kuchusha. Kisha nusa mgongo wa mkono wako, upumzike, urudi. Moshi utakuwa umerudi pia.

Mdomoni inaanza kwa utamu wa tofi, ikafuata pilipili manga, na ukishameza, moshi unapanda kutoka kooni hadi puani. Katikati ina upungufu. Kuna sekunde ambapo utamu umeondoka na moshi haujafika, na hapo unausikia wembamba wa nafaka, pamoja na joto la pombe kwenye ncha ya ulimi. Mwisho wake nao haukawii kuondoka. Kwa bei hii nayasema hayo kwa haki tu, si kwa kulalamika.

Maji yana faida, na sababu yake imechunguzwa. Mwaka 2017 Björn Karlsson na Ran Friedman wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Uswidi, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba guayakoli, mojawapo ya fenoli zenye harufu ya moshi, husogea karibu zaidi na uso wa kinywaji pombe inapopunguzwa makali. Lakini chupa hii imeshashushwa hadi asilimia 40 za kileo kiwandani. Kijiko kimoja cha chai kinatosha kufungua matunda. Vitatu vinaacha moshi na maji.

Soda na barafu nazo zina haki yao katika hukumu, maana wiski ya namna hii hunywewa hivyo zaidi kuliko inavyonuswa na watu kama mimi. Baridi huua harufu ya tufaha, mapovu hutawanya asali, na wiski mchanganyiko nyingi hubaki na utamu wa jumla tu. Hii hubaki na ukavu wake. Unywapo glasi ndefu yenye soda mara tatu ya wiski, moshi bado uko mwishoni, kwa kiasi kilekile cha adabu, na kimea bado kiko nyuma yake. Mchanganyaji alilipiga hesabu hilo kabla chupa haijafika kwako, na kwa pesa hizi sijui ni kitu gani kingine ningemdai.