Hedi ya 2F: Pima Kabla ya Kukata

Injini ya 2F, ile yenye silinda sita za mstari mmoja chini ya boneti ya Land Cruiser FJ40 na FJ60, ilitoka kiwandani na uwiano wa mgandamizo wa 7.8 kwa 1. Ni uwiano mdogo, unaovumilia hata petroli hafifu. Ndiyo maana kila hedi inapofunguliwa kwa ajili ya gasketi iliyoungua, mtu gerejini huuliza: kwa nini tusiikate kidogo ipate nguvu? Jibu la haraka ni "toa milimita mbili". Hiyo ni bahati nasibu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kipenyo cha silinda ni 94 mm, mwendo wa pistoni 101.6 mm, kwa hiyo kila silinda inameza cc 705. Kwa uwiano wa 7.8, pistoni ikifika juu kabisa hubaki nafasi ya karibu cc 104. Tukitaka 8.5, ibaki cc 94. Kinachotafutwa, basi, ni cc 10 tu kwa kila silinda.

Gasketi ndiyo inayowaponza wengi. Chukua yenye tundu la 96 mm na unene wa 1.2 mm ikishabanwa: inashika karibu cc 9. Fundi akifunga nyingine ya 1.8 mm kwa sababu ndiyo iliyopatikana dukani, inashika cc 13, na ile 8.5 inashuka hadi kama 8.2. Umelipia mashine, na karibu nusu ya faida imemezwa na gasketi. Nunua gasketi kwanza, ndipo upige hesabu.

Kisha laza hedi chali juu ya benchi, chemba zikitazama juu, vali na plagi zikiwa mahali pake, uisawazishe kwa pimamaji. Kutoka kwenye zile cc 94 toa za gasketi, toa na za upenyo unaobaki pistoni isipofika usawa wa bloku. Kiasi kinachobaki kimimine ndani ya chemba kwa bomba la sindano, ukitumia mafuta ya taa. Pima kutoka uso wa hedi hadi uso wa mafuta: kina hicho ndicho cha kukata. Rudia kwa chemba zote sita, maana hazilingani, na ufuate ile yenye kina kidogo zaidi.

Hapa 2F ina heri. Kamshafti yake iko ubavuni mwa bloku na inazungushwa na gia, hivyo kushusha hedi hakuvurugi taimingi ya vali, tofauti na injini zenye kamshafti juu na cheni. Ila pushrodi sasa zinakuwa ndefu kupita kiasi. Skrubu za roka zikiishiwa nafasi ya kurekebisha, inua stendi za roka kwa shimu, ukihakikisha shimu haizibi njia ya mafuta. Zungusha injini kwa mkono kabla ya kuiwasha.

Baada ya hapo rudisha nyuma taimingi ya plagi kidogo na usikilize mlimani. Nairobi, juu ya mita 1,600, hewa ni nyepesi na injini haitagonga upesi. Gari hilohilo likishuka Mombasa likiwa na mzigo, hewa nzito na joto vitaitesa. Weka taimingi ya pwani, hata kama unaishi Limuru.

Na faida? Kwa nadharia, kutoka 7.8 hadi 8.5 huongeza ufanisi kwa chini ya asilimia 3. Hiyo haistahili kufungulia injini nzima, na ringi zikiwa zimechoka hutaiona kabisa. Lakini kama hedi tayari iko mezani na mgandamizo wa silinda zote ulikuwa mzuri, kata, ishia 8.5, na usimsikilize anayekushawishi kwenda 9.